Mumiani Si Dracula

Imekuwa desturi katika madarasa yetu kwamba mwanafunzi akiuliza yule vampaya wa sinema aitwe nani kwa Kiswahili, mwalimu humjibu kwa neno moja tu: mumiani. Mwanafunzi huandika, mwalimu huendelea na somo, na kila mmoja huona kazi imekwisha. Sisi twasema kazi haijaanza. Jibu hilo si sahihi, na madhara yake hayaishii daftarini. Wako pia wenzetu wa upande wa pili, ambao hawataki neno hilo litajwe kabisa mbele ya wanafunzi, wakidai kuwa ni ushirikina usiomstahili mtu aliyesoma. Makundi haya mawili hudhani yanapingana. Kwa maoni yetu yanashiriki kosa moja: hakuna hata moja lililomsikiliza mumiani.

Hebu kwanza tumtazame huyo wa Ulaya. Asili yake ni maiti. Katika miaka ya 1725 na 1732 maofisa wa dola ya Austria waliandika taarifa kutoka vijiji vya Serbia, ambako watu waliokwisha kuzikwa walidaiwa kurudi usiku na kuwaua jamaa na majirani zao. Makaburi yalifukuliwa, miili ikachomwa moto. Hofu ilienea hata mwaka 1755 Maria Theresa, mtawala wa Austria, akapiga marufuku vitendo hivyo. Ndipo waandishi walipomchukua maiti yule wa kijijini wakamvika joho la kibwanyenye: John Polidori katika hadithi yake ya mwaka 1819, na Bram Stoker katika riwaya ya Dracula ya mwaka 1897. Sinema nazo zikaongeza chumvi. Dracula wa Stoker huweza kutembea mchana. Ni filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922 iliyomfanya mnyonya damu afe kwa mwanga wa jua. Pamoja na mabadiliko hayo yote, kiini hakikubadilika: ni mfu, hunywa damu kwa meno yake mwenyewe, na huinywa ili aendelee kuishi.

Sasa tumtazame mumiani. Neno lenyewe limetujia kutoka Uajemi, nalo halikuwa jina la mtu bali la dawa: kitu cheusi mfano wa gundi, kilichopakwa au kunywewa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 yaeleza hivyo, kisha yaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya binadamu. Kutoka kwenye dawa, jina likamhamia anayeitafuta. Huyu si mfu. Ni mtu hai, mwenye mshahara, mwenye bosi, mwenye gari na vifaa. Damu hainywi, bali huipeleka kwa waliomtuma. Msalaba na kitunguu saumu havimtishi, kwa sababu yeye hakutoka kaburini, ametoka kazini.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Wazee wa Kampala walisimulia habari za bazimamoto, yaani wazimamoto, waliosemekana kukamata watu usiku, kuwafungia mashimoni na kuwatoa damu. Nairobi walisimulia vivyo hivyo. Katanga waliitwa batumbula. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Mjini Mombasa mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa ajili ya uvumi huo. Tuangalie jina la Kampala: limetoka katika Kiswahili, likapewa kiambishi cha Kiganda. Tunapoambiwa kwamba Kiswahili ni mgeni katika nchi hii, basi neno hili ni shahidi kwamba lugha yetu ilikuwa midomoni mwa watu wa kawaida, tena katika mambo yaliyowatia hofu kuliko yote.

Kwa nini wazimamoto? Kwa nini si wachawi, si majini, wala si maiti? Kwa sababu watu walikuwa wakizungumza juu ya waliyoyaona. Waliona utawala ulioajiri watu, ukawapa sare na magari mekundu yaliyokimbia usiku, wala haukumweleza mwananchi lolote. Waliona madaktari wa serikali wakichukua damu bila kusema inakwenda wapi. Tena vijidudu vya ugonjwa wa matende huonekana zaidi katika damu nyakati za usiku, kwa hiyo wapimaji walilazimika kuja gizani. Mwenye elimu alijua sababu. Aliyechomwa sindano hakuelezwa. Hatusemi kwamba wazimamoto walinyonya damu ya mtu. La hasha! Twasema kwamba hadithi hii ilikuwa namna ya kuueleza utawala uliochukua nguvu za watu bila ridhaa yao.

Wala si bure kwamba siasa ilipotafuta maneno, iliyapata pale pale. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipiga vita unyonyaji, na hotuba za wakati ule zilijaa kupe na mirija. Karl Marx naye, katika kitabu chake cha Mtaji cha mwaka 1867, aliufananisha mtaji na vampaya. Yeye aliazima mfu wa Ulaya. Sisi tulikuwa tayari na mnyonyaji aliye hai. Je, mwalimu akimfundisha mwanafunzi kwamba hawa wawili ni kitu kimoja, amemfundisha nini?

Jambo linalotutia haya ni kwamba aliyeyachukulia masimulizi haya kwa uzito, akakaa na wazee, akayaandika na kuyachapisha katika kitabu kizima mwaka 2000, ni mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White. Tunamshukuru. Lakini wazee wale walikuwa majirani zetu na lugha ile ilikuwa yetu. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukisahihisha insha juu ya Dracula.

Wenzetu wa ukimya watatujibu kwamba kumtaja mumiani darasani ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Twawaomba watazame moto ulikokwisha kuwaka. Mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya maeneo. Wauaji wale hawakufundishwa mauaji katika somo la fasihi simulizi. Walichokuwa nacho ni hofu ya kurithi, isiyopata kuulizwa swali hata moja, na methali isemayo kwamba lisemwalo lipo. Mwanafunzi ambaye hajaonyeshwa uvumi huzaliwaje na hulishwa na nini, atauamini siku utakapopita mlangoni kwake. Kwa hiyo ukimya wa mwalimu haumlindi mtu yeyote.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika tafsiri, vampaya abaki vampaya, au aitwe mfu mnyonya damu, na jina la mumiani liachiwe mwenyewe. Popobawa naye asichanganywe nao, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa ng'ambo. Yule aliyetisha Pemba na Unguja mwaka 1995 husimuliwa kwa kuwavamia watu vitandani, si kwa kunyonya damu. Pili, wanafunzi watumwe kwa wazee wao wakaandike: hadithi ilisimuliwa wapi, lini, na mumiani alisemekana kuwa na kazi gani. Swali hilo la kazi lina uzito kuliko yote, kwa maana kila zama humpa mumiani sare ya yule inayemwogopa. Tatu, methali ile ya lisemwalo lipo ijadiliwe darasani, wala isikaririwe tu: kilichopo ni nini? Mara nyingi kilichopo ni hofu, na hofu ina sababu zinazoweza kuchunguzwa.

Ndugu walimu, Dracula ana riwaya, ana sinema, ana mawakili wa kutosha. Hawa wetu wana wazee wachache waliobaki, na sisi. Tuwahi kuuliza kabla wazee hao hawajatutoka, na kabla gari jingine la watafiti halijasimamishwa njiani.