PIRITON SIO DAWA YA KULAZA MTOTO (uzi, soma mpaka mwisho)

1/ Ndugu zangu wa Singida, leo sitaongea kwa upole. Mimi ni nesi. Huu mtindo wa "mpe Piriton alale nifanye kazi" UKOME.

2/ Mama kaja na mtoto wa miezi 8. Kalegea, ukimwita anafumbua jicho kidogo, anafunga. Mama, umempa nini? "Hakuna nesi, Piriton tu, nusu. Alikuwa analia." Usiku kucha tulihesabu pumzi za yule mtoto. Alipona, Mungu mkubwa. Ila hiyo "tu" ndiyo inaniuma mpaka leo.

3/ Hesabu ni rahisi. Kidonge kimoja ni miligramu 4. Nusu ni 2, na hiyo ni dozi ya mtoto wa miaka 6 hadi 11! Wa mwaka 1 hadi 5 anapewa miligramu 1. Chini ya mwaka mmoja usimpe bila kuandikiwa. Na Phenergan kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni MARUFUKU, inaweza kuzima pumzi.

4/ Mtego mwingine: dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi zina dawa hiyo hiyo ndani. Unampa ya mafua, unaongeza Piriton, umempa mara mbili bila kujua. Soma chupa. Ukiona "chlorpheniramine", ndiyo hiyo hiyo. Na upime kwa kifuniko au bomba la dawa, sio kijiko cha chai.

5/ Najua mtasema, "Nesi hujui shida zetu." Nazijua. Palizi ya alizeti haisubiri, na mtoto mgongoni analia kutwa. Lakini mtoto anayelia ana neno: njaa, sikio, tumbo, homa. Ukimlaza kwa dawa umemnyamazisha yeye, malaria haijanyamaza. Mwachie bibi, mwachie jirani, mlete kituoni.

6/ Na nyie wauza dawa, mnafunga vidonge kwenye kikaratasi, hamuulizi umri, hamuandiki dozi. Mteja akisema "ya kumtuliza mtoto", muulize mtoto ana nini!

7/ Wakubwa hamjapona. Bodaboda na madereva wa malori, Piriton inaleta usingizi na kupunguza wepesi wa akili hata kama unajiona uko macho. Ukiwa na pombe kichwani ndio kabisa. Omba cetirizine, kidonge cha miligramu 10 mara moja kwa siku. Hiyo hailewishi sana, lakini ijaribu kwanza siku ambayo huendeshi. Mzee mwenye shida ya tezi dume au presha ya macho, sema kabla hujapewa Piriton.

8/ Midomo au koo likivimba, mtu akishindwa kupumua au akizimia baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kumeza dawa, usikae kusubiri Piriton ifanye kazi. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini, sasa hivi. Kituoni, mbio!

9/ Sijasema Piriton ni mbaya. Kwa vipele vya kuwasha na mafua ya vumbi letu hili la Singida ni dawa nzuri. Ila ni DAWA. Sio yaya.

Mtumie mama mmoja usiku huu, kabla mwanae hajalia.