Mshauri Nasaha wa Ukambani Asomee Tawi Gani?

Mwanafunzi wa uzamili katika ushauri nasaha hufika njia panda: ashike ndoa na familia, watoto na vijana, uraibu, au kiwewe? Mara nyingi huambiwa aangalie soko, na soko maana yake Nairobi, kwenye wateja wanaolipa kwa saa. Kwa mzaliwa wa Kitui au Makueni anayekusudia kufanya kazi nyumbani, naona neno hilo linampoteza. Tawi linalohitajika zaidi huku ni ushauri wa kijamii, hasa stadi ya kuwafundisha na kuwasimamia watu ambao tayari wanaendewa na wenye shida.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mama wa Tseikuru ambaye mwanawe ameacha kula na kulala hana budi kupitia Mwingi ndipo afike Kitui mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa nauli ambayo ingenunua unga. Na ushauri nasaha si sindano ya mara moja, vikao hurudiwa. Basi kabla ya kumfikiria mtaalamu, mama huyo amekwisha kumwendea mchungaji, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii au mganga. Mzigo uko mabegani mwa hao, wataalamu wapende wasipende.

Makueni yenyewe imeshaonyesha njia. Watafiti wa taasisi ya Profesa David Ndetei walitumia huko mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, wakawafundisha wahudumu wa afya pamoja na waganga wa jadi na viongozi wa dini kutambua sonona na kujua wakati wa kumpeleka mtu hospitali. Zimbabwe wana Benchi la Urafiki, lililoanzishwa na Dkt. Dixon Chibanda mwaka 2006. Mtu huketi na mhudumu wa mtaani, mara nyingi bibi wa makamo, akataja yanayomsumbua, akachagua moja, kisha wakatafuta pamoja hatua anayoweza kuichukua kabla ya kuonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulikuta kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini mabibi hao hawakuachwa peke yao. Nyuma yao kulikuwa na wasimamizi, na hao ndio ninaotaka Ukambani iwapate.

Atatokea wa kusema kwamba kumwachia asiyesomea kazi hii ni kucheza na roho za watu. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu sheria ya Kenya ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 inadai usajili na leseni. Ila mchungaji hatangoja leseni ndipo asikilize. Swali ni kama, akiambiwa usiku na kijana kwamba hataki tena kuishi, atakuwa na namba ya mtu wa kumpigia. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, na wengi walinyamaza. Sasa wakithubutu kusema, watamwambia kwanza aliye karibu.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Mwanafunzi amelipa karo kubwa, na kijijini hakuna wa kumlipa kwa saa. Sitamlaumu anayekwenda Nairobi. Ninazilaumu kaunti zisizotangaza nafasi ya msimamizi wa ushauri. Makueni ilipoanzisha mpango wake wa afya mwaka 2016, kila kaya ikichangia shilingi 500 kwa mwaka, ilithibitisha kuwa serikali ya kaunti inaweza kugharimia kisicholipiwa na soko. Msimamizi mmoja wa ushauri katika kila kaunti ndogo angekuwa mwanzo. Vyuo navyo vikubali saa za mazoezi zilizofanywa kwenye zahanati za Mutomo na Kyuso, kwa Kikamba, zihesabiwe sawa na za hospitali kubwa za Nairobi.