Jenga Upendavyo, Lakini Njia Tuachie

Jirani yangu amekarabati nyumba. Ya zamani ilikuwa ya mawe na mabati kama zetu. Sasa imepanda ghorofa, ina nguzo nne nene mbele, vigae vinavyong'aa mpaka ukuta wa nje, vioo vya buluu na geti jeusi lenye maua ya dhahabu. Madereva wa tuktuk hapa Mandera mjini wameshaifanya kituo: "Nishushe pale kwa vioo."

Wapo mtaani wanaosema ni majivuno. Mimi siungani nao. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi hapa mwaka 2014, wachimba mawe 36 walipouawa Kormey, nje kidogo ya mji, siku chache tu baada ya abiria 28 wa basi kuuawa. Walimu wenzangu waliotoka sehemu nyingine za nchi walifunga virago. Mwenye pesa alizipeleka Eastleigh, Nairobi. Kwa hiyo leo mtu akimwaga mamilioni yake Mandera, mimi husema alhamdulillahi. Fundi amepata riziki, na muuza saruji pia. Rangi aliyochagua ni yake na macho ni yangu. Nisipoipenda nitatazama kwingine.

Lakini kuna mambo ambayo siwezi kuyapa kisogo.

Ili geti lipate upana wa gari kubwa, mwarubaini uliokuwa kando ya njia ulikatwa. Chini yake wazee walicheza shax, mchezo wetu wa bao, na akina mama waliuza maziwa ya ngamia. Sasa mama hao wanahamahama na mitungi yao wakifuata kivuli cha kuta. Ngazi za vigae nazo zimetoka nje ya kiwanja na kuziba mkondo ambao maji ya mvua yalipitia. Sisi tulioona mafuriko ya Novemba 2023 tunajua maji yaliyozuiwa mlangoni kwa tajiri huingia chumbani kwa nani.

Tena vioo vile havikuumbiwa jua letu. Vinaingiza joto, joto linataka kiyoyozi, umeme ukikatika kiyoyozi kinataka jenereta, na jenereta limewekwa chini ya dirisha langu. Anayelala kwenye ubaridi ni yeye. Anayekesha na ngurumo na moshi ni mimi.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Kibali hicho kisiishie kwenye muhuri na ada. Afisa afike mtaani, apime ngazi zinaishia wapi, aulize maji yatapita wapi, na awasikilize wanaopakana na kiwanja.

Wazee wetu nao wana kazi. Maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, tumeyazoea kwa ngamia aliyeibiwa, kisima kinachogombaniwa na damu iliyomwagika. Mji umekua; njia, mkondo wa maji na usingizi wa jirani navyo vinastahili kikao. Mimi nimeshaomba kiitishwe.

Na wewe unayepanga kukarabati, weka dhahabu ukipenda mpaka kwenye paa. Ila kabla fundi hajapiga jembe la kwanza, bisha hodi kwa jirani umweleze, acha mkondo wazi, na panda mti mmoja nje ya geti lako.