Wema wa Walithia Unatoka Wapi?



Mwaka 1958 mwandishi Mmarekani James Blish alitoa riwaya iitwayo A Case of Conscience. Mhusika wake mkuu ni Padre Ramon Ruiz-Sanchez, Mjesuiti na mwanabiolojia, anayetumwa pamoja na wenzake watatu kuichunguza sayari ya kubuni iitwayo Lithia.

Wenyeji wake, Walithia, wana umbo la mtambaazi na ni warefu kutupita. Mama huenda kuzalia baharini na kuwaacha watoto huko. Huanza maisha kama samaki, kisha hupanda nchi kavu kama jamaa za chura, na mwishowe hutoka msituni wakiwa watu wazima. Hakuna mzazi anayewalea. Hata hivyo jamii yao haina uhalifu wala vita. Dini pia hawana. Mungu hawamjui kabisa.

Padre anafadhaika. Anahitimisha kwamba Lithia nzima ni mtego, imeumbwa na Ibilisi ili wanadamu waamini kuwa wema unawezekana bila Mungu. Lakini mwenyewe anajua kosa lililomo: Ibilisi hana uwezo wa kuumba. Kusema anaumba ni kurudia uzushi wa Wamanikeo, ambao Mtakatifu Augustino aliufuata miaka ipatayo tisa kabla ya kuongoka.

Ndugu zangu, Walithia ni wa kubuni, ila kishawishi cha padre huyu tunacho. Jirani asiye Mkristo anaokota fedha na kuzirudisha, au anamuuguza mgonjwa asiye ndugu yake. Sisi kwenye jumuiya tunanong'ona, "Anajionyesha tu huyo," au, "Utamfaa nini wema huo na hasali?" Tumeuona wema kwa macho yetu, halafu tunamtafuta shetani nyuma yake!

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 2, anafundisha kwamba hata wasio na Sheria wanaweza kuitimiza, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium namba 16, unauona wema na ukweli ulio kwa watu hao kuwa matayarisho ya Injili. Wema wote una chanzo kimoja, hata pale anayeutenda asipokijua.

Mtu atauliza, basi tuhubiri ya nini? Tunahubiri kwa sababu jirani huyo, kama sisi, ni mwana wa Adamu. Anaanguka, anahitaji msamaha, na ana haki ya kulijua jina la Yule anayemtia moyo wa kutenda mema.

Frateri unayejiandaa kwenda kufanya uchungaji parokiani, anzia hapo. Kabla hujamfundisha mtu, tazama kwanza Mungu amekwisha kufanya nini ndani yake, umshukuru. Anayeuita wema wa jirani kazi ya shetani anamnyima Mungu sifa iliyo yake.