Baiskeli Haina Cheo

Hapa Dar es Salaam, mtu akienda ofisini kwa baiskeli huonekana ama fukara ama amerukwa na akili. Kazini kwetu magari huegeshwa kivulini. Mimi huambiwa baiskeli nikaifunge nyuma, karibu na mapipa ya taka. Sina ugomvi na mlinzi. Yeye anatekeleza tu tuliyokwisha kuyaamini sote: kwamba heshima ya mtu ni magurudumu manne.

Wapo watakaosema jua ni kali na jasho linanuka. Je, waliobanana ndani ya daladala hawatoki jasho? Ndoo moja ya maji huyamaliza hayo.

Wengine watasema barabara ni ya hatari. Kweli, lakini hatari hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, njia za baiskeli ziliwekwa pembeni. Bodaboda zimezifanya zao, na wenye magari wanaegesha humohumo. Nani atawaondoa? Wenye amri hiyo hawapiti huko. Wamo ndani ya magari, vioo vimefungwa.

Nchi hii iliwahi kuunda baiskeli zake yenyewe, zikaitwa Swala, na mwalimu au bwana shamba hakuona haya kuzipanda. Tulichopoteza si miguu, ni unyenyekevu. Waziri mmoja tu akienda wizarani kwa baiskeli wiki nzima, njia zile zitakuwa nyeupe kabla ya Ijumaa.