Hujakosa Maombi, Umekosa Usingizi

Wasee, kuna jibu moja nimechoka nalo kabisa. Kijana anasema kazi ya kompyuta imemmaliza, hali, halali, akiona skrini moyo unamdunda, halafu mtu wa Mungu anamjibu: ongeza maombi. Mwingine, hawa wa motisha, anamwambia wenzako hawalali. Hawa wawili wanajifanya hawajuani lakini wanahubiri kitu kimoja: ukichoka, shida ni wewe.

Mimi naishi Banissa, kaunti ya Mandera. Mzee wangu aliletwa huku na kazi, nami nikamfuata karo ya chuo iliponishinda mwaka wa pili. Kando na hizi posti, mkate wangu ni kuwekea picha alama za kufundishia akili bandia: hii gari, hii mti, huyu mtu anavuka barabara. Kazi zinaingia California ikiamka, na saa tatu asubuhi yao huku ni saa moja jioni ama saa mbili usiku. Kwa hivyo unakesha. Ukisinzia, mwingine ameichukua. Ukikataliwa picha, hakuna bosi wa kumpigia simu, kuna kitufe tu cha msaada ambacho sijawahi kuona kikimsaidia mtu. Na hapo ni kama mtandao wa Banissa umeamua kukuhurumia.

Na mimi naona magari na miti tu. Enda umwambie mtu wa Nairobi aliyekuwa akichuja video za Facebook chini ya kampuni ya Sama kwamba alikosa maombi. Hao walikuwa wanatazama mauaji, ubakaji, watu wakijiua, zamu baada ya zamu, ndio wewe ufungue simu ukute pasafi. Desemba 2024 ilijulikana kupitia karatasi za korti kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na daktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta akakuta wana ugonjwa wa akili unaoletwa na kiwewe. Wenzao waliosafisha maandishi ya ChatGPT walikuwa wakipata dola 2 kwa saa, ama chini yake; jarida la TIME lilianika hiyo Januari 2023. Sasa hapo pepo wa kukemewa yuko kwa mfanyakazi ama kwa mkataba?

Tena Biblia yenyewe haiko upande wenu. Soma Kutoka 5. Watu wanaomba ruhusa ya siku tatu wakaabudu, Farao anasema hawana kazi ya kufanya ndiyo maana wanataka kwenda. Anawanyima majani ya kutengenezea matofali, lakini hesabu ya matofali inabaki ileile. Hiyo ni apu yangu kabisa, malipo yanashuka na idadi haishuki. Mchungaji anayeniita mvivu aangalie kwanza anamnukuu nani.

Halafu Kumbukumbu la Torati 5. Siku ya kupumzika inatajwa hadi kwa mtumwa, mgeni, ng'ombe na punda, na sababu inatolewa: mlikuwa watumwa Misri. Hiyo ni sheria ya kazi, si zawadi ya aliyemaliza kazi. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inasema angalau siku moja ya mapumziko kwa kila siku saba. Ila hizi kampuni zinatuita wakandarasi huru, na hapo punda wa Musa anakuwa na haki kuliko mimi.

Eliya naye alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimpikia. Akala, akalala, akaamshwa akala tena.

Niseme kitu Wakristo wenzangu wa mjini hawatapenda. Huku sisi ni wachache, majirani ni Waislamu, na kwa hii mambo wanatushinda. Adhana ikilia, mwenye duka anafunga, mteja angoje. Mara tano kwa siku kuna kitu kinaiambia kazi ikae chini. Sisi tuna siku moja kwa wiki na hata hiyo tumeijaza: kesha Ijumaa, vijana Jumamosi, Jumapili ibada mbili, na mtoto wa kompyuta ndiye wa kurekodi, kukata video na kuipandisha mtandaoni bure, ati ni huduma.

Utaniambia kupumzika ni kwa wenye pesa. Kweli, mtu mmoja akizima laptopu kampuni haisikii. Ndiyo maana Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Hiyo ningependa kuisikia mimbarini, jinsi tunavyosikia habari za fungu la kumi.

Kwa sasa mimi nazima kila kitu kuanzia Jumamosi jua likizama hadi Jumapili jua likizama. Napoteza pesa, sitakudanganya. Na kama umefika mahali hata usingizi ukiutafuta hauji, enda hospitali. Mguu ukivunjika ungeombewa, lakini pia ungefungwa plasta.

Na wewe mchungaji wa mjini unayenidai video ya Jumapili iliyopita, itafika Jumanne.