Super ao ya kawaida? Swali la kwanza ni usafi wa esansi

Butembo – Katika garaji na kwenye parkingi za taxi, kuanzia Butembo mpaka Beni, mabishano hayaishi: gari lipewe esansi ya kawaida ao super? Muuzaji wa kando ya barabara, yule ambaye wakaaji wanamwita Kadhafi, akisema chupa yake ni "super ya Uganda", shoferi anakubali kuongeza franga. Anaondoka akiamini amenunua nguvu. Mara nyingi amenunua jina tu.

Kinachotenganisha super na esansi ya kawaida ni namba inayoitwa oktani. Namba hiyo haipimi nguvu. Inaonyesha namna gani esansi inavumilia kukandamizwa ndani ya silinda bila kuwaka yenyewe kabla ya wakati. Ikiwaka vibaya, injini inagonga. Shoferi anasikia mlio kama wa misumari ndani ya kopo, zaidi gari likipanda mlima na mzigo. Injini inayokandamiza sana, na nyingi zenye turbo, zinahitaji oktani ya juu. Zingine hazina kazi nayo.

Gari ndogo nyingi zinazotembea Kivu Kaskazini zilitumiwa kwanza Japani. Kule kiwango cha kitaifa kinaomba esansi ya kawaida iwe na oktani 89 ao zaidi, na super 96 ao zaidi. Gari lililotengenezwa kwa ile ya kawaida halipati faida likinyweshwa super. Mwaka wa 2016, shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima jambo hilo na halikuona faida yoyote kwa gari za namna hiyo. Tena Butembo iko juu ya metre 1 700. Hewa ya mlima ni nyepesi, na injini, hasa ya zamani, haigongi haraka kama kule chini. Ndiyo sababu katika majimbo ya milima ya Marekani wanauza esansi ya kawaida yenye namba 85, wakati sehemu zingine ni 87, kwa hesabu yao wenyewe.

Kwa hiyo jibu la mabishano ni fupi. Shoferi afungue kifuniko cha tanki ao asome kitabu cha gari. Kama imeandikwa kwamba super ni ya lazima, atii. Kama haikuandikwa, abakie na ya kawaida.

Lakini kubishana juu ya super kunaficha shida iliyo kubwa zaidi: esansi iliyochanganywa. Mtu akitia petroli ya taa ndani ya esansi, oktani inashuka. Injini inagonga, inatoa moshi, bujii zinachafuka, na petroli inateremka mpaka kwenye oili ya injini. Maji nayo ni mazito kuliko esansi. Bidoni ikioshwa bila kukauka, ao ikibaki wazi wakati wa mvua, maji yanakaa chini, pale pampu ya gari inavuta. Gari linakohoa, kisha linazimika.

Ndani ya mji wa Butembo, hiyo ni hasara ya pesa ya fundi. Kwenye barabara ya Beni–Kasindi ni jambo lingine. Pale magari yalishambuliwa na kuchomwa, na kwa vipindi watu wamesafiri kwa msafara unaolindwa na askari. Gari likizimika, msafara hauwezi kungojea siku nzima. Ni vilevile kwa familia inayokimbia na magodoro na watoto juu ya gari la kukodi. Nusu litre ya maji ndani ya tanki inaweza kuwaacha watu mahali ambapo hakuna mtu angechagua kusimama.

Hata asiye na gari anahusika. Mchanganyiko unaweza kwenda upande wa pili, esansi ikaingia ndani ya petroli ya taa. Petroli safi inahitaji joto la digrii karibu 38 ao zaidi ndipo mvuke wake uwake. Mvuke wa esansi unawaka hata katika baridi kali. Taa iliyotiwa mchanganyiko huo inaweza kulipuka mkononi mwa mama. Familia ya wakimbizi wa ndani inayolala watu kumi ndani ya chumba kimoja, ao chini ya turubai, haina mlango wa pili wa kutokea.

Wapo wanaosema dawa ni kufukuza Kadhafi wote barabarani. Hiyo si haki. Katika vijiji vingi hakuna stasio hata moja, na piki inayopeleka mgonjwa hospitalini usiku inategemea chupa ya kijana huyo. Wengi kati yao wanalisha familia kwa biashara hiyo. Na si lazima yeye ndiye anayechanganya; inawezekana bidoni ilimfikia tayari imeharibika. Kumkamata yeye na kuacha depo bila kupimwa ni kupiga kivuli.

Wanaopaswa kuulizwa kwanza ni wenye kazi ya kupima. OCC ina jukumu la kudhibiti ubora wa bidhaa. Upimaji ufanyike mpakani Kasindi, urudiliwe kwenye depo na stasio, na matokeo yatangazwe redioni ili raia wayajue. Viongozi wa mji wapangie Kadhafi mahali mbali na nyumba, mbali na mbabula za wanaochoma mahindi. Na anayeuza esansi na petroli asitumie bidoni moja kwa vyote viwili.

Kwa sasa raia ana njia ndogo za kujisaidia. Amwage esansi kidogo ndani ya chupa nyeupe, aiache itulie dakika kumi. Kama kuna maji, mstari utaonekana chini. Adondoshe tone moja juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto: esansi safi inakauka baada ya dakika chache bila alama, lakini petroli ao mazutu inaacha doa la mafuta. Si kipimo cha maabara, lakini kinakamata udanganyifu mkubwa.

Na shoferi mwenye franga za kuongeza, anunue kichujio kipya cha esansi. Hicho kitamsaidia barabarani kuliko jina la super.